Dada Verlene na Sahani Zisizo na Mkate

Wapendwa wa Mfuko wa Faraja, nawasalimu katika jina la Bwana. Hamjambo, na watoto? Magoti yenu je, baada ya baridi ile? Mimi namshukuru Mungu, bado nadunda. Nimepewa kazi ya kumuaga Dada Verlene Maxey. Ijumaa ya tarehe 30 Mei anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kukaanga samaki na kuchangisha fedha ili wanawake na wasichana wetu Weusi hapa Memphis wapate kuketi na mshauri, wautue moyo.

Alianza na karai moja nyuma ya kanisa. Siku ya kwanza alibandika bango kwamba mapato ni ya matibabu ya akili. Watu wakasoma, wakapita na njaa yao. Kwetu mtu akizidiwa huambiwa aombe, basi. Ijumaa iliyofuata akaandika tu: "Kambale, tambi, kabichi. Kwa ajili ya mabinti zetu." Foleni ikafika barabarani.

Lakini nani angesimama kwenye foleni ile, mama mkwe wake yuko nyuma, aseme hapati usingizi? Dada Verlene akapata njia. Sahani zetu huja na vipande viwili vya mkate. Akawanong'oneza wanawake: ukitaka mshauri, agiza bila mkate. Jumatatu yeye mwenyewe atakupigia simu.

Ndivyo alivyompigia Shemasi Cleophus Yancey, akamuuliza kwa upole nini kinamsumbua moyoni.

"Ni sukari, binti. Daktari kanikataza mkate," mzee akamjibu.

Tulicheka wiki nzima. Tulilokuwa hatulijui ni kwamba mzee hakukata simu. Aliendelea, "Ila maadamu umepiga, mjukuu wangu hajatoka chumbani tangu mama yake azikwe."

Msichana yule alipata mshauri wiki ileile. Leo ni muuguzi, na ruhusa ya kuandika haya amenipa mwenyewe.

Sasa kuna jambo halinikai vizuri, nami nalisema kwa kuwa nampenda. Novemba alimzika Odell, mumewe aliyeishi naye miaka thelathini na tisa. Tulimpelekea nyama, makaroni na keki kama ilivyo desturi, tukalijaza jokofu lake, tukaondoka. Ijumaa iliyofuata alikuwa kwenye karai. Tangu hapo, sote tukishaenda zetu, yeye hubaki jikoni akisugua meza iliyokwisha takata. Mara tatu tumemwekea nafasi kwa mshauri, na mara tatu ameigawa.

"Mpeni msichana," husema. "Mimi ninaye Yesu."

Nami ninaye, Dada Verlene. Na bado mwaka ule nilipompoteza mwanangu nilikwenda, na wewe ndiye uliyenipeleka, ukanisubiri kwenye gari saa nzima.

Asante kwa kila jina ulilolitunza bila kulitaja. Tunakuombea mapumziko yenye afya, na nyumba yenye sauti za watu. Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, nafasi imeandikwa jina lako, na hakuna msichana anayenyimwa kwa ajili yake. Nimeuliza mara mbili. Nitakuja kukuchukua. Ukitaka tusizungumze njiani, hatutazungumza.

Nijibu mapema, tafadhali, hata kwa neno moja.

Bernadine Crudup, jikoni