Malapa ya Mlangoni

Kwenye basi, bibi mwenye kikapu alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyeketi naye. "Kwa mwanangu wanavua viatu mlangoni. Mimi sivui ng'o! Mkwe aone visigino hivi vilivyopasuka?"

"Kwani hakuna malapa, mama?"

"Yapo, mapya, laini. Ya wageni hayo. Niliyajaribu kwa siri, yakanikaa kama nimepimwa."

Fundi viatu, aliyekaa nyuma yao, aliichungulia miguu ya bibi. Malapa ya mguu mdogo namna ile hayaokotwi tu dukani, mtu huyatafuta. Lakini hakuulizwa, akarudi kuegemea kiti chake.

"Wageni wao wote wana mguu kama wako?" muuguzi akauliza taratibu.

Basi liliposimama kituo cha kwa mwanawe, bibi alikuwa ameshainama, analegeza kamba za viatu.