Kitenge Kilikuwa Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana huyu anayesimama mbele yenu alikuwa bingwa wa kutubu kwa machozi, na moyo wake mgumu kama jiwe!

Mimi ni Mama Eliya, mwalimu wa zamani wa kwaya hapa Nyamiaga. Nilikuwa najiona, jamani! Tulipopata vitenge vya sare, kimoja kikapotea. Kezia, mwimbaji wetu, ndiye aliyenisaidia kuvikunja. Nikasema mbele ya kwaya nzima, "Kezia, rudisha kitenge." Akaapa, akalia. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu aliyesema ni mimi. Mwezi haukuisha, akahamia kwa kaka yake kule Nyantakara.

Baadaye nikafungua sanduku langu kutafuta blanketi. Kitenge kilikuwa humo, chini kabisa, mahali nilipokiweka mwenyewe nikasahau!

Ndugu zangu, nilifanya nini? Nikafunga sanduku. Halafu kila Jumapili nikawa natubu. Nilipiga magoti, nikalia kwa sauti, mpaka akina mama wakasema nina roho ya toba. Na mimi nikaifurahia sifa hiyo! Lakini jina la Kezia sikulitaja.

Bwana ana njia zake. Jumapili moja mchungaji akasema, "Tumwombee dada yetu Kezia, Mungu amsamehe wizi wake. Mama Eliya, tuongoze." Nikasimama, nikafumba macho, nikafungua kinywa. Sala ikagoma! Nikasikia watu wanaanza kukohoa. Ndipo nikasema, "Kezia hakuiba. Kitenge kiko kwangu, na nimejua siku nyingi." Kifuani nikapata wepesi ambao machozi yote yale hayakunipa.

Kesho yake nikapanda gari hadi Lusahunga, kisha bodaboda mpaka Nyantakara. Njiani nilipanga maneno mazuri. Nikamkuta Kezia shambani anang'oa maharage, mawingu yametanda.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nikaitikia marahaba. Nikaanza, "Unajua, Kezia, siku ile kulikuwa na shughuli nyingi, mtu yeyote angeweza..."

Akanikatiza. "Mwalimu, umekuja kuomba msamaha au kujitetea?"

Nikapiga magoti udongoni. "Nilikusingizia. Nikaujua ukweli, nikanyamaza. Nisamehe."

Machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Nilimwomba Mungu uje. Nimekusamehe. Sasa inuka, Mama Eliya, mvua inakuja na maharage yangu yataloa!"

Tukacheka! Tukajitwisha mizigo tukikimbia, mimi na gauni langu la kanisani, matope hadi magotini.

Kezia hakurudi Nyamiaga. Ana kwaya yake huko, na simlaumu. Mimi ualimu niliuacha. Leo naimba mstari wa nyuma, nafundishwa na binti niliyemfundisha mwenyewe. Akisema nimekosea sauti, nakubali, narudia. Na nina furaha, ndugu zangu, furaha ambayo sikuijua nilipokuwa mbele!

Namshukuru Yesu aliyenishusha wala hakuniacha chini. Wewe unayenisikia, kama kuna mtu unayemkwepa njiani, usiyamalize machozi yako hapa madhabahuni. Mtegemee Bwana, umwendee mtu huyo. Yeye atakutangulia. Haleluya!