Mkamuaji Namba Nane

Tuktuk ya kwenda mtaa wa Free Area ilibeba watu watatu: mimi, kijana mwenye laptopu, na mama aliyevaa gambuti zenye tope. Kijana alikuwa akimweleza mama kazi aliyopewa na shamba moja la maziwa huko Bahati. "Mathe, kupima mfanyakazi ni rahisi. Unachukua lita alizokamua, unagawanya kwa masaa. Wa mwisho anapunguzwa kazini. Kuna mmoja, namba nane, huyo amelala kabisa."

"Umemwona akikamua?"

"Hakuna haja. Rekodi inatosha." Alisema hivyo kwa raha ya mtu ambaye viatu vyake havijui boma la ng'ombe.

"Namba nane ni mimi," mama akasema, kwa upole wa mgeni anayejitambulisha kanisani. "Ng'ombe akipiga wenzangu teke, analetwa kwangu. Sasa ninao sita. Hao mpaka uwaimbie kwanza ndio waachilie maziwa."

Kijana alifungua laptopu, akatafuta sana. "Hapa hakuna mahali pa kuandika kuimba."

Tuktuk ilisimama. Mama akashuka pole pole.

"Basi kesho njoo ukamue mmoja tu," akamwambia. "Mimi nitakushikia laptopu."