Miaka Kumi na Tisa Kando ya Kizimba: Mama Cansilde Anastaafu

Tarehe 31 Julai 2025, Mama Cansilde Nyirabizimana anastaafu baada ya kuwa mkalimani wa ofisi ya msaada wa sheria, Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa miaka kumi na tisa. Cheti atakachokabidhiwa kinamwita "msaidizi wa kujitolea". Nilidhani ni kosa la uchapaji. Nimeuliza, na nimeambiwa si kosa.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu niko sekondari, Senior ya tatu, na napenda kusoma, na kwa sababu Néhémie, anayetajwa hapa chini, ni baba yangu. Waliniomba niandike kwa furaha. Nimejaribu.

Mama Cansilde alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira, Kongo, hadi vita vilipomtoa huko. Mwaka 2006 alimsindikiza jirani yake kituo cha polisi. Akamkuta askari anamsomea jirani tuhuma zake kwa Kiingereza, naye jirani anaitikia kwa kichwa kila sentensi kama aliye kanisani. Mama akaomba kiti. Wenzake husema kiti hicho hajakirudisha mpaka leo.

Kila Jumamosi, kanisani katika kijiji cha Misiera humu kambini, aliwafundisha watu maneno ya polisi na ya mahakama: maelezo, bondi, rumande, dhamana. Hakuwahi kumuuliza mtu kama ameelewa, maana watu wetu wakiulizwa hivyo na mkubwa hujibu ndiyo kwa heshima. Yeye aliuliza, "Ukifika nyumbani, utawaambia nini?" Hapo ndipo ukweli ulipotoka.

Mama Eliane, muuza nguo wa Rwekubo, aliwahi kuchinja kuku wawili kwa sababu mwanawe Joël ametoka polisi kwa bondi. Mama Cansilde alifika, akala, akausifu mchuzi, kisha akauliza swali lake. "Nitaambia baba yake kesi imeisha," akasema Eliane. "Basi mumuwekee Joël paja moja," Mama akamjibu, "sababu Ijumaa anarudi kuripoti. Asiporudi, batamufuata hapa hapa." Ijumaa Joël aliripoti, na paja alilikuta.

Sasa habari ya baba. Mwaka jana, jioni moja, mbuzi wa mtu alifuata kundi la baba. Baba akamlaza zizini ili asubuhi amtafute mwenye mali. Mwenye mali akafika kabla yake, pamoja na polisi. Kituoni, askari aliyemkamata ndiye aliyejifanya mkalimani. Aliandika maelezo kwa Kiingereza na kumwonyesha baba mahali pa kuweka dole gumba. Hakuna aliyemsomea alichokitia dole. Alipofikishwa mahakamani Mbarara, hakuna aliyemwita Mama Cansilde. Kesi ikaahirishwa, baba akapelekwa rumande siku kumi na saba. Siku kumi na saba, kwa sababu ya simu moja ambayo haikupigwa.

Aliporudishwa, Mama alikuwepo. Hakimu akasoma shtaka la wizi, akauliza kama baba analikubali. Mama akatafsiri. "Nakubali, muheshimiwa," baba akajibu.

Kwetu Minembwe, huko Kongo, mbuzi wa mtu akionekana kwako, huanzi kwa kujitetea. Mbele ya wazee unakubali kwanza, ili mwenye mali apoe moyo. Ndipo unaulizwa ilivyokuwa, na mambo huisha kwa maziwa. Anayeanza kwa kukana ndiye anayeonekana mwizi. Baba alikuwa anafungua mazungumzo. Hakujua kwamba mahakamani jibu hilo linayafunga, na linakufunga nawe.

Mama alilitafsiri jibu kama lilivyo, maana hiyo ndiyo kazi. Kisha akaomba ruhusa ya kumuuliza mshtakiwa swali moja. Mwendesha mashtaka akasimama. "Wewe mama, kazi yako kuleta majibu tu. Huyu amesema ndiyo. Kwisha." Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na mama yangu, na lile "kwisha" sijalisahau.

Hakimu akaruhusu.

"Baba Liliane," Mama akauliza, akimwita kwa jina langu, "leo ukifika nyumbani utamwambia mke wako nini?"

"Nitamuambia maneno imeisha," baba akasema. "Bamupe mwenye mbuzi kiti, tukunywe maziwa. Na mbuzi yake tuliilisha muzuri."

Mama akatafsiri yote, hata maziwa. Hakimu akaweka kalamu chini, akauliza mwenyewe, polepole: je, uliiba?

"Niibe?" Baba akamgeukia Mama. "Mama Cansilde, huyu mutu ananitukana juu ya nini?"

Hilo nalo lilitafsiriwa. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana shtaka, akampa dhamana. Miezi miwili baadaye mwenye mbuzi alikiri mahakamani kwamba wizi hakuuona, na kesi ikafutwa.

Wapo wanaosema baba alikuwa na bahati. Mtu asiye na hatia hapaswi kuhitaji bahati ili alale kwake. Alichohitaji ni mtu wa kumweleza anaulizwa nini, na mtu huyo alikuwepo kwa sababu Mama Cansilde alitoka Nakivale alfajiri kwenda mahakamani, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Leo tangazo ubaoni linasema nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Agosti, ukalimani utafanywa na "yeyote atakayepatikana". Yeyote aliyepatikana ndiye aliyeandika maelezo ya baba yangu.

Mama Cansilde, tunakushukuru kwa kila ndiyo uliyokataa kuiacha ipite hivi hivi. Tunakutakia asubuhi za polepole, magoti yasiyouma, na wajukuu wakuulize wewe maswali. Ofisi nayo tunaitakia aibu kidogo, ya kutosha kumwajiri mtu kabla ya Jumanne tarehe 5 Agosti. Siku hiyo watu wanne wa Misiera wako kwenye orodha ya mahakama, na wote wanne wamelelewa kukubali kwanza.