Sindano ya Tatu ya Brigadier

Ukitoka katikati ya Likasi kuelekea Kakontwe, kabla barabara haijaanza kuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa, utakuta kibanda cha kahawa cha Mama Albertine, na mbele yake gogo la reli ya zamani lililolazwa juu ya mawe mawili. Hapo ndipo tunapokaa kila asubuhi kabla ya kazi, kwa wale wenye kazi. Mtaa unatuita Conseil d'administration, bodi ya wakurugenzi, kwa dharau, na sisi jina tumelikubali. Mwenyekiti ni Papa Kazadi, mstaafu wa kiwanda, tunayemwita Sirène, king'ora, kwa kuwa akianza kulia hanyamazi mpaka zamu iishe. Yupo Éphraïm, muuza simu mwenye kusali kila jioni, jina lake Prophète. Yupo Magloire, mchimbaji wa Kambove, tunayemwita Torche, maana taa ya kichwani haivui hata jua likiwa utosini. Mimi ni mwalimu, wananiita Craie, yaani chaki. Kahawa yetu huja na maziwa pembeni, katika kikopo chake, na hilo ni jambo la Papa Kazadi: kiwandani, waliofanya kazi penye asidi walipewa maziwa mwisho wa zamu ili yatoe sumu mwilini, na yeye hadi leo hunywa yake mwisho kabisa. Sisi tumemwiga bila kuuliza. Chini ya gogo hulala Brigadier, mbwa wa Albertine, na Ijumaa hiyo ajenda ya mkutano ilikuwa yeye.

Habari ilianza miezi miwili nyuma. Brigadier alipotea siku tatu kwa ajili ya mbwa jike mmoja wa Kakontwe, akarudi amekonda na mwenye furaha. Baadaye akaanza kutoka damu chini ya tumbo. Daktari wa wanyama akakuta uvimbe, kansa ambayo mbwa huambukizana wakipandana, akasema dawa ipo: sindano ya vincristine ndani ya mshipa, dawa ileile wanayopigwa watu hospitalini, mara moja kwa juma, huenda mara sita, hadi uvimbe uishe. Mbili zilikuwa zimepigwa na uvimbe ulikuwa umepungua nusu. Lakini tangu ile ya pili Brigadier alikuwa anaharisha, na Jumamosi iliyopita daktari alikataa kumpiga ya tatu.

Albertine alitugawia vikombe na vikopo vyetu, akasema bila kukaa:

— Leo Mademoiselle Stéphanie wa kwa docta atakuya kumuangalia. Tumbo ikiendelea ivi, kesho batakataa tena. Na bakikataa tena, kile kivimbe kitarudia.

Papa Kazadi — Acha bakatae. Minye nilisema tangu mwanzo. Imbwa ni imbwa.

Albertine — Damu ilikuwa inatoka kila siku, Papa Kazadi. Sasa haitoke. Uliona na macho yako.

Papa Kazadi — Niliona. Lakini naona na vile anaharisha. Minye nilifanya miaka makumi tatu karibu na acide. Poison ikiingia mu mwili, inatafuta mulango ya kutokea. Docta anaiingiza mu mushipa, inatokea ku nyuma. Mufa maji haachi kutapatapa.

— Mufa maji njo nani hapa? nikauliza.

Papa Kazadi — Njo docta.

Éphraïm alifuta vumbi kwenye simu zake alizozipanga gotini, akatikisa kichwa kwa huruma.

Éphraïm — Muko mbali, baba. Ile kitu haiko nyama. Ni roho. Ilikuwa inakaa mu muntu fulani kule Kakontwe, bakaifukuza na maombi, ikaingia mu ile imbwa jike, njo Brigadier akaibeba. Sasa shindano inaifukuza tena. Itaenda wapi? Shiye njo tuko karibu.

Magloire — Itaingia mwenye kuuza simu.

Éphraïm — Cheka tu. Mugeni njoo, mwenyeji apone. Roho mugeni ikifika, mwenyeji iko na matatizo.

— Mwenyeji anapona, Prophète, nikasema. Methali yenyewe inasema apone.

Éphraïm — Ni vile banaisemaka, Craie. Haiko vile inaendaka.

Albertine — Docta alisema haiingiake mu muntu. Inatoka imbwa kwa imbwa, basi.

Magloire alikuwa anangoja hapo. Aliiwasha taa yake ya kichwani, kama afanyavyo akiwa na jambo zito.

Magloire — Haiingiake mu muntu. Bon. Juu ya nini alikupatia gants za kuokotea mavi yake?

Albertine — Haiko juu ya ugonjwa. Ni juu ya dawa. Siku chache kisha shindano, inatoka mu mikojo na mu mavi. Haifai kuigusa na mukono.

Magloire — Mumesikia? Dawa yenye banaogopa hata mu mikojo. Minye niko muntu wa udongo. Udongo moja tu banaogopaka vile, na iko karibu na hapa: ya Shinkolobwe. Ile ni uranium, Mama Albertine. Banaipondaponda, banaweka mu shindano. Muangalieni Brigadier kukiwa giza. Macho inawaka.

— Macho ya imbwa yote inawakaka, nikasema.

Magloire — Ya Brigadier inawaka kijani. Bakimupiga zote sita, batu ba comptoir, benye kununua mawe, batakuya na mashine yao, bamupime teneur, iko na madini ngapi, bamutie mu sac na bamupakie mu kamio pamoja na mawe.

Albertine — Docta alinionyesha kwenye dawa inatokea. Ni mu maua. Ile maua ya rangi ya rose yenye iko mbele ya kanisa ya paroisse.

Magloire aliizima taa. Alionekana kuvunjika moyo, lakini kwa muda mfupi tu.

Magloire — Ile maua ya bure? Basi tuchume, tupike, tumunyweshe. Shindano ya nini tena? Haba na haba hujaza kibaba.

Albertine — Gusa uone. Docta alinikataza na kidole. Ya kupika nyumbani inaua. Hata ile ya shindano, mbele ya kuipiga banapima damu kwanza, na ikitoka inje ya mushipa inachoma nyama. Unafikiri ni mboga?

Papa Kazadi alikohoa. Tulijua kikohozi hicho, ni cha mwenyekiti akitaka kufunga mjadala.

Papa Kazadi — Albertine, mwanangu. Nikuambie yenye hakuna mwenye anaisema mbele yako. Yaya yako Fidélie alikufa na kansere mu ile nyumba nyuma yako. Hakupata hata shindano moja. Leo imbwa inapata. Batu mu quartier banaona mubaya.

Fidélie, dada mkubwa wa Albertine, ndiye aliyemleta Brigadier mtaani, mdogo ndani ya kikapu cha samaki, siku aliyotoka kuchukua bidhaa ziwani Tshangalele. Albertine aliweka birika juu ya makaa, akajifuta mikono kwa kitenge, akatutazama.

Albertine — Banaona mubaya. Na minye naona mubaya. Nilimuosha Fidélie miezi ine. Nilienda Lubumbashi na makaratasi yake, bakaniambia iko ku maini, imepita, murudishe ku nyumba. Hakuna mwenye aliniambia dawa iko, minye nikakataa. Kwa hii imbwa yake, docta aliniambia dawa iko, na inaponesha, kama tunafika ku mwisho. Sasa juu Fidélie alikufa, na hii ikufe? Itamusaidia nini kule iko? Nilishaangalia moja anakufa, sina la kufanya. Hii niko na la kufanya. Kesho nitaenda. Bakikataa, nitaenda posho ingine, na ingine.

Posho ni Jumamosi. Wazee wa kiwanda ndivyo wanavyoiita tangu enzi za mgao wa unga, na Albertine ni binti wa kiwanda. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Mimi niliona aibu, na nilikuwa na sababu yangu ambayo, kwa kadiri nilivyojua, hakuna mwingine pale aliyeijua.

Ndipo Stéphanie akafika kwa pikipiki, msichana mwembamba mwenye mkoba wa dawa mgongoni. Hajawahi kukaa kwenye gogo letu, na siku hiyo pia hakukaa.

— Jambo yenu, ba papa. Jambo, mama. Mugonjwa wetu iko wapi?

Alivaa glavu, akapiga magoti, akamvuta Brigadier kutoka chini ya gogo. Alimpapasa tumbo, akatazama ufizi, akageuza mkia, akatazama uvimbe kwa muda mrefu.

Stéphanie — Kivimbe kinaendelea kupunguka. Na damu tulipima jana ni muzuri kabisa, mama. Njo maana sielewe hii tumbo. Kama ni dawa njo inamuharisha, siku kumi na tatu zimepita, ilifaa ikuwe imetulia. Anakula nini?

Albertine — Bukari laini na samaki. Vile mulisema. Asubui na mangaribi. Hakuna kingine.

Stéphanie alimshika Brigadier kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Kwenye ndevu zake kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka. Nilidhani atasema ni chokaa ya Kakontwe, maana hapa kila kitu kina chokaa. Alikikwangua kwa kidole chenye glavu, akakinusa.

Stéphanie — Nani anamupa maziwa?

Albertine — Maziwa? Minye sijamupa hata siku moja.

Stéphanie — Imbwa mukubwa, maziwa inamushinda. Inamufungulia tumbo. Na tulikuwa karibu kuacha dawa juu ya ile. Nauliza tu, sitamukasirikia muntu. Nani?

Lori la mawe lilipita, vumbi likatua juu ya vichwa vyetu. Éphraïm alifumba macho kana kwamba yumo katika maombi. Magloire alikuwa anakaza mkanda wa taa. Papa Kazadi aligundua kitu ndani ya kiatu chake. Mimi, mwalimu, ambaye kila siku nawadai watoto jibu, nilitazama barabara.

Stéphanie alimwachia mbwa. Brigadier alijikung'uta, akanyoosha miguu, akaenda moja kwa moja kwa Papa Kazadi. Alitia pua karibu na kikopo chake cha maziwa, ambacho kilikuwa kimejaa, akaketi, akangoja. Papa Kazadi alikifunika kwa mkono. Brigadier akainuka, akaenda kwa Éphraïm, akaketi, akangoja. Halafu Magloire. Halafu akaja kwangu, bila haraka, kama mtu anayeijua ratiba, akaniwekea kidevu gotini.

Tangu sindano ya pili, kila asubuhi, Albertine akigeuka kuchochea makaa, nilikuwa nammiminia chini ya gogo. Nilimwonea huruma. Nilifikiri maziwa yatatoa ile sumu, kama Papa Kazadi anavyosema siku zote, na nilifikiri niko peke yangu.

Albertine alivitazama vikopo vinne, kimoja baada ya kingine, vyote vimejaa.

Albertine — Ba papa. Na munasema imbwa ni imbwa.

Papa Kazadi — Ku usine maziwa ilikuwa inatoa poison.

Alilisema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Stéphanie alikuwa anafunga mkoba.

Stéphanie — Huku ilikuwa inafukuza dawa, papa. Tangu leo, hakuna. Kesho asubui nitamuangalia tena. Tumbo ikitulia, tunapiga. Isipotulia, tunangoja posho ingine. Hatuache.

Papa Kazadi — Saa ngapi?

Stéphanie — Huit heures, saa mbili.

Papa Kazadi — Minye njo nitamushika kichwa. Ananijua.

Éphraïm — Na minye ananijua.

Magloire — Minye miguu. Iko na nguvu ku miguu.

Albertine alichukua birika, akaanza kutuongezea kahawa, na alipofika kwa Papa Kazadi mzee alisukuma kikopo chake mbele, hadi mwisho wa gogo.

Papa Kazadi — Mama Albertine. Tangu leo, kawa yangu bila maziwa.

Éphraïm akasukuma chake. Magloire akasukuma chake. Nikasukuma na changu. Brigadier alivitazama vikopo vikiondoka, akatutazama sisi, akarudi kulala chini ya gogo. Kahawa ilikuwa chungu kweli, na tukainywa yote.