Namba Iliyomweka Baba Kitini

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mwalimu Mkuu, wazazi wa Mbuji na wageni mliotoka Kingerikiti. Wazee wangu, shikamooni. Mwalimu Ottilia, unayetuaga leo, shikamoo yako naitoa peke yake.

Wengine wamekusifu kwa miaka ya utumishi. Mimi, Lidia, nakusifu kwa namba moja: 99,991. Mwaka 1994 ulituandikia ubaoni, sisi darasa la saba, ukasema ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zenye tarakimu tano. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. "Msiniamini," ukasema, "hakikisheni." Ukatufundisha kwamba inatosha kujaribu namba tasa zisizozidi 316, kwa sababu kigawanyo kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo, ambaye tungekuwa tumeshamkamata. Zikawa namba sitini na tano. Tukagawana, wengine mbili mbili.

Joakim, anayejificha pale nyuma, alipewa saba, akatangaza kwamba inagawanyika. Mnajua alifanyaje? Zilibaki tatu, akaziunganisha na fungu la mwisho, kama tufanyavyo shambani kipande cha pembeni kisipotosha shimo zima la ngolo, yale mashimo tunayolima mteremkoni. Mwalimu hakumchapa. Alimwambia, "Shambani uko sahihi, mwanangu. Hapa kinachobaki ndicho tunachokitafuta."

Mimi nilipewa ya mwisho, 313. Nikiwa katikati ya kugawanya, baba yangu, mzee Placidi, akasimama mlangoni. Mwaka ule wanunuzi binafsi walianza kutufikia na malori yao, kila mtu akitaka kuiwahisha kahawa, naye alikuja kunitoa shule nikachume, nisirudi tena. Je, Mwalimu alibishana naye? Hata kidogo. Alimpa kiti.

"Mzee, namba sitini na nne zimeshindwa kuigawanya hii. Imebaki ya mwanao. Msubiri amalize."

Baba akakaa, kofia magotini. Akauliza namba hiyo inafaa nini.

"Sijui, mzee," Mwalimu akajibu. "Ila binti yako ndiye atakayetuambia kama ni kweli."

Nilifanya hesabu ile mara mbili. Ikabaki 144. Ikawa kweli, darasa likapiga makofi, na baba yangu akapiga pamoja nasi. Kisha akavaa kofia, akaenda kuchuma kahawa yake mwenyewe.

Ndugu zangu, Jumatatu naingia darasa lilelile nikiwa mwalimu, nikipokea chaki mkononi mwa Mwalimu Ottilia. Najivunia, wala sioni haya kusema. Juzi nilimuuliza baba, huyu hapa mbele yenu, kama anaikumbuka siku ile. Hakutaja malori wala kahawa. Alinitazama, akasema, "Zilibaki mia moja arobaini na nne."

Mwalimu, asante. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, nawashukuru sana.