Kikombe cha Tanga

Mbele ya duka la Hirji, pale Mungaa, palikuwa na benchi la mbao nene iliyotoka kwenye behewa bovu, enzi zile Waingereza walipoing'oa reli ya Singida na kuondoka nayo kama mtu anayekunja mkeka wake. Watu walisema ndiyo maana kila anayelikalia hutamani safari. Jioni, jua likishapunguza ukali, Marietha aliweka jiko lake la mkaa kando ya benchi hilo, mtoto Raheli mgongoni, birika la kahawa motoni, karai la maji ya kuoshea vikombe miguuni. Wateja wake walikuwa wale wale. Mzee Mughwai waliyemwita Manamba, kwa kuwa ujana wake aliumaliza kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Antipasi waliyemwita Redio, kwa sababu alikuwa nayo, na hata ilipoisha betri yeye hakuisha. Na Marko, mume wa Marietha, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakusema vya kutosha kupewa. Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu wote walipoambiwa wahamie vijiji vya pamoja. Lakini ulikuwa pia mwaka ambao vitunguu vya Marko vilikubali kuliko miaka yote, na Jumamosi hiyo yeye, mkewe na mtoto walikuwa wapande basi la Manyoni, waanze likizo ya kwanza tangu wazaliwe. Kilichobaki ni kupanga njia.

— Nipe vikombe vyote, Mama Raheli, — alisema Redio. — Safari haipangwi hewani. Na uvijaze, kikombe kitupu ni mji usio na watu.

Marietha alivijaza mpaka birika likakaribia kukauka. Redio akavipanga juu ya benchi.

— Hiki Manyoni, hapo mnapanda treni. Hiki Dodoma, mnanunua zabibu dirishani. Hiki Morogoro, milima tu, msishuke. Hiki Dar es Salaam.

— Mbona Dar umeipa kikombe kilichomeguka? — aliuliza Mzee Mughwai.

— Ndivyo mji ulivyo, mzee. Ukiukaribia vibaya unakukata mdomo.

Akalivuta karai, akasimamisha vikombe viwili katikati ya maji.

— Unguja na Pemba. Hii ndiyo bahari.

— Hayo maji ya kuoshea, Redio, — alisema Marietha.

— Kwani bahari haioshi?

Kikabaki kikombe kimoja. Mzee Mughwai alikipokea kabla Redio hajafungua mdomo, akakiweka mwenyewe mwisho kabisa wa benchi, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

— Tanga, — alisema.

Wote walijua. Mughwai na baba yake Marietha walikwenda mkonge pamoja, akarudi mmoja. Marietha wakati huo alikuwa mgongoni mwa mama yake, kama Raheli alivyokuwa mgongoni mwake sasa. Kila jioni mzee huyu alikaa upande unakoelekea moshi, macho yakimtoka machozi, ili upande usio na moshi ubaki wa mtoto. Hakuwahi kulisema hilo, na Marietha hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Alimmiminia kwanza tu.

— Sasa Unguja, — Redio alirudi kazini, — mlale siku mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkizidisha mtajikuta mnalimishwa karafuu.

— Karafuu huchumwa mtini, — alisema Bhanu, mke wa Hirji, akiwa mlangoni pa duka. Yeye alizaliwa Unguja.

— Basi watapewa ngazi, mama. Jembe la Unguja ni ngazi.

— Mimi nahofia yale maji, — alisema Mzee Mughwai. — Bahari inamjua mtu wa bara kwa harufu. Inamvuta. Marietha afungwe kamba kiunoni.

— Kamba aishike nani? — aliuliza Redio.

— Marko.

— Na Marko ashikwe na nani?

— Na mnazi.

Marko alicheka kwa pua. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

— Hofu kubwa si maji, — Redio alisogeza vikombe vya visiwani kwa kidole. — Hofu ni visiwa vyenyewe. Kisiwa hakikushika chini, kipo kama kifuniko juu ya chungu. Upepo ukivuma kinahama. Ndiyo maana meli huchelewa, nahodha anazunguka anauliza, jamani Pemba imehamia wapi?

— Toka hapa! — alisema mzee. — Kisiwa kinahama?

— Kama Mungaa inahama, Pemba itashindwaje?

Walicheka, kisha kicheko kikakatika katikati, kama kamba ya kisima.

Redio aliona, akaharakisha.

— Na mkiulizwa njiani, msiseme likizo. Kabwela hana likizo, wataona makupe hao, wanyonyaji. Semeni mmetumwa kujifunza kilimo cha nazi. Mficha uchi hazai!

— Hiyo methali si ya hapo, — alisema mzee.

— Methali ni kama koti, mzee, linamkaa yeyote.

— Mwanangu, — Mughwai alimgeukia Marietha kwa sauti ya chini, — kama ni maji ya chumvi, ziwani Singidani pia yapo. Mnaonja, jioni mko nyumbani.

— Babu, Singidani naiona ng'ambo yake. Nataka maji nisiyoyaona mwisho. Halafu nifike pale Tanga, nimwambie baba nina mtoto.

Mzee akashika goti lake.

— Pale unapita mkonge, unapita mkonge, unafika kwenye mwembe wenye kovu la radi. Nilimlaza kichwa kikielekea huku kwetu. Mimi bahari yenyewe sikuiona, mwanangu. Misimu yote ile. Tuliisikia tu mkonge ukinyamaza.

Bhanu aliingia ndani, akarudi na chupa ya marashi iliyokwisha, imeoshwa ikang'aa.

— Mama Raheli, ukifika Unguja nijazie maji ya pwani. Kidogo tu. Nataka kunusa.

Marietha aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Ndipo Redio akasimama, maana neno lake kubwa alikuwa ameliweka akiba.

— Na mkimaliza Tanga, msikose Tezi na Omo! Niliisikia redioni kwa masikio yangu: mwenda Tezi na Omo, marejeo ni Ngamani. Hiyo ni miji mitatu imefuatana.

Bhanu aliziba mdomo kwa kanga.

— Si miji, Antipasi. Ni sehemu za chombo cha baharini. Maana yake, utatembea kote, mwisho utarudi ulipotoka.

— Sasa hilo la kutangaza redioni la nini? — Redio aliketi. — Kila mtu anarudi alipotoka.

Hapo alifika kijana mwenye shati la kaki lililojaa vumbi, fungu la vigingi begani. Alikuwa mmoja wa wapima viwanja waliopiga kambi ng'ambo ya barabara, kwenye kijiji kipya.

— Shikamooni.

— Marahaba, — alijibu mzee. — Karibu, tua mzigo.

— Dada, kahawa ipo?

Marietha alilitikisa birika. Tupu. Kahawa yote ilikuwa safarini. Aliitazama midomo ya kijana ilivyopasuka, akanyoosha mkono hadi mwisho wa benchi.

— Mama Raheli, hiyo Tanga! — Redio alishtuka.

— Ana kiu, — alisema Marietha. Akampa.

Kijana alikunywa, akauliza hivi vikombe ni vya nini. Redio akamweleza safari nzima, zabibu, ngazi, mnazi, visiwa vinavyohama. Kijana alisikiliza akitabasamu kama mtu anayesimuliwa habari za kwao.

— Safari nzuri kweli. Na mkirudi, mtarudi wapi?

Redio alilitazama benchi toka mwanzo hadi mwisho akitafuta kikombe cha Mungaa. Hakukiweka. Jioni nzima ile ya kupanga, hakuna aliyekiweka.

— Sikuuliza kwa ubaya, — alisema kijana. — Ila Jumamosi ndiyo siku ya kugawa viwanja. Kila mwenye kaya asimame kwenye kigingi chake yeye na mkewe. Asiyekuwepo anapelekwa vijiji vya mbali huko porini, popote patakapobaki. Halafu huku mapaa yanashushwa.

Marietha aliifikiria tembe yao, paa lake la udongo ambalo Marko alilikanyaga kwa miguu mpaka likashikana. Likishushwa paa, mvua moja tu na kuta zimelala.

— Nitawasimamia mimi, — alisema Redio, bila mzaha.

— Mtu mmoja kigingi kimoja, kaka.

— Basi changu waandikiwe wao, — alisema Mzee Mughwai. — Mimi nitalala kwa yeyote.

— Wataona ujanja, mzee. Mtakosa wote.

— Tukienda baadaye? — aliuliza Marko.

Jibu alilijua mwenyewe. Baadaye ni kujenga. Baadaye ni miti, udongo, shamba jipya, na fedha yote ya vitunguu vya mwaka ule ingeishia ukutani.

Kijana alikizungusha kikombe mkononi. Alichagua kigingi kimoja kwenye fungu, akakitenga.

— Dada, ninacho kiwanja karibu na kisima. Hutateka maji mbali na mtoto mgongoni. Nitakipiga hiki pale, nisimpe mtu. Lakini uwepo.

Ulikuwa wema, na Marietha aliuona kuwa ni wema. Ndiyo maana hakuweza kuukataa.

— Nitakuwepo, — alisema. — Asante, ndugu yangu.

Kijana aliondoka. Marietha alifungua pindo la kanga, akamnyooshea Bhanu chupa. Bhanu akairudisha mikono nyuma, akatikisa kichwa, akaingia dukani haraka.

Marietha akainama. Alikitoa kikombe cha Pemba, akakitoa cha Unguja, akavimwaga. Kisha akalinyanyua karai, akaimwaga bahari nyuma ya duka, na vumbi la Mungaa likainywa yote.

Aliporudi, Mzee Mughwai alikuwa amekishika kile kikombe alichokiacha kijana. Alichungulia ndani yake muda mrefu, akakifuta kwa pindo la shuka yake, akamrudishia Marietha.

Marko aliokota kikombe cha Manyoni, kile cha mwanzo kabisa, akakinywa. Kahawa ilikuwa imepoa.